Barua ya Kunisifu

Dokta Mwakisambe hakuinua macho kwenye mitihani.
"Andika mwenyewe," alisema, "niletee Alhamisi nisaini."
Nikatoka nimeshika fomu
kama mtoto aliyefika dukani
akasahau alichotumwa.

Mama anashona sare za shule pale Kimara.
Jina alinipa Tumsifu, akimkusudia Mungu,
mimi akanilea kwa neno moja:
kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Sasa Waholanzi wanataka nijitembeze
kurasa mbili nzima,
kwa sauti ya mwanamume wa miaka hamsini na minane
mwenye kisukari na madai ya likizo.

"Namfahamu Tumsifu Mbwambo tangu mwaka wa kwanza."
Uongo. Mwaka wa kwanza tulikuwa mia tatu na arobaini,
mimi nikisikiliza kutoka nje ya dirisha,
daftari juu ya mgongo wa mwenzangu.
Nikafuta.
"Ni mwanafunzi mwenye bidii."
Nani amewahi kuandikiwa barua isiyo na bidii?
Nikafuta.

Mengine yote yalikuwa mepesi.
Cheti cha kuzaliwa kinasema Tumsifu,
cha kidato cha nne kinasema Tumusifu;
wakili wa Mnazi Mmoja, kwa elfu ishirini,
akaniapisha kwamba hao wawili ni mtu mmoja.
Niliapa. Sikuwa na hakika sana.
Taarifa ya benki: pesa za kikoba,
jasho la wanawake kumi na wanne,
zikalala siku mbili katika akaunti ya mama,
zikachapwa, zikapigwa mhuri,
zikarudi kwa wenyewe.
Mpiga picha wa Mwenge alisema, "Usicheke, dada,
hao hawataki meno."

Lakini barua.

Jumatano usiku, stesheni ya mwisho ya akili yangu,
nilikuwa kwa Shukuru, kwenye kibanda chake cha kuchapa, Msewe.
LUKU ikaisha.
Shukuru akatoka kutafuta salio,
nami nikabaki gizani na ile nguzo ya Jangwani.

Kila asubuhi ya masika nilishuka bondeni
kusoma rula niliyoichora kwa rangi nyekundu
kwenye nguzo ya daraja.
Mama mmoja wa pale, Bi Mwanaidi, akiniuliza,
"Leo yamefika wapi?"
Nikimwambia sitini na tano, anaendelea kumenya vitunguu.
Nikimwambia mia na kumi,
anakunja godoro, analipandisha darini,
hasemi kitu.
Siku rula ilipomezwa yote
niliandika: haisomeki.
Nikaandika na saa.

Umeme uliporudi vidole vilikwishaanza:
"Huyu alisoma maji siku mia na kumi na tisa.
Kuna mtu bondeni anayepandisha godoro kwa namba yake.
Nchi yenu iko chini ya bahari na haizami.
Sisi tuko juu ya bahari, tunazama.
Anataka kuja kuona mnafanyaje.
Anajitahidi."

Alhamisi, Dokta alisoma.
Akarudia tangu juu, kalamu ikining'inia hewani,
nami nikihesabu mapanga ya feni, matatu, matatu, matatu.
Akakata neno la mwisho.
Juu yake, kwa mkono, akaandika: Anajua.
Kisha akasaini, akarudi kwenye mitihani yake.
"Kachape upya," alisema. "Barua haiendi Ulaya na kovu."

Sikuchapa upya.
Shukuru aliiskani vilevile,
akaniuliza mara mbili kama nina hakika,
akanidai elfu moja na mia tano.
Faili tuliliita tumsifu_mwisho_kabisa_2.

Majibu, wamesema, baada ya wiki nane.
Nje matone yamekwishaanza kugonga bati.
Nikakumbuka ile rula:
kuanzia sabini kwenda juu, imefifia.
Inataka rangi.